Sahani ya Nne

Alhamisi, 6 Machi

Mshauri wa kliniki amesema kila mzazi aandike. Si lazima maneno mengi: siku imekwendaje, umekula nini, umemsifu mtoto kwa lipi. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, kalamu yangu ni chaki. Akasema chaki itafutika, akanipa kalamu ya kwake. Haya, naandika.

Tulikwenda watatu: mimi, binti yangu na mama mkwe wangu. Mama mkwe alikwenda shingo upande. Anayeumwa ni mtoto, alisema, sasa yeye na magoti yake akapimwe nini? Lakini daktari alishasema: nyumba nzima, au msije kabisa. Mtoto hapiki, hanunui, hapakui. Mtamtibu vipi peke yake?

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Nyumbani tunamwita Kifungo, kwa sababu alipoanza kutambaa aliokota vifungo chini ya mashine yangu na kuvificha shavuni. Shuleni wana jina jingine la kumwita na sitaliandika hapa. Daktari amesema uzito wake umeacha mbali umri na kimo chake, shinikizo la damu limeanza kupanda, na sukari iko mlangoni inapiga hodi. Ametupa msimu huu wa mvua. Tukibadilika, vizuri. Tusipobadilika, ataanza vidonge, na hajui ataviacha lini.

Mama yake yuko ng'ambo, mwaka wa pili sasa, anamtunza mzee wa watu katika nyumba ya watu. Likizo yake inaanza mvua zikikatika. Mambo ya kliniki hatujamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Wamevipa vyakula rangi za taa za barabarani. Kijani, kula. Njano, punguza mwendo. Nyekundu, simama kwanza ufikiri. Mama mkwe kauliza wali wake ni rangi gani. Nikamwambia njano. Kanuna mpaka jioni. "Wali wangu mweupe pe tangu sijaolewa, leo umekuwa wa njano!"

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Wateja wawili tu. Nimekunywa soda nyuma ya mlango wa duka. Nyekundu. Naiandika kwa sababu na mimi nimo kwenye hesabu, kitambi changu kilipimwa pia.

Alhamisi, 13 Machi

Leo mshauri kauliza swali dogo. "Nguo zilianza kumbana lini?"

Tukatazamana. Hazikuwahi kumbana. Kila nilipoona mshono wa ubavuni umeanza kuvuta, niliufungua nikaupanua, nikapiga pasi, nikarudisha sketi kabatini. Sikuwaza lolote, mkono tu ulifanya kazi yake. Mtoto wa mtu mwingine angerudi nyumbani na zipu imepasuka, nyumba ikashtuka. Wa kwangu sketi ilikua pamoja naye kama ngozi.

Mshauri ni msichana mrefu, hacheki ovyo. Kaniambia, "Baba, kuanzia leo usipanue kitu mpaka mtoto mwenyewe aseme kinabana. Mwache ausikie mwili wake."

Kisha kamuuliza Kifungo anataka tuzo gani akitimiza wiki yake ya mboga na matunda. Tuzo isiwe ya kula, isiwe pesa. Nilitegemea aseme baiskeli. Akasema, "Baba azime mashine saa kumi na moja tutembee."

"Mtembee wapi?"

"Stendi."

Ijumaa, 14 Machi

Jioni mama mkwe kapakua. Sahani yake, yangu, ya Kifungo, na ya mwenyewe. Mwenyewe ni mke wangu. Tangu aondoke, mama yake hajaacha kumpakulia: wali, maharage, kipande cha nyama kilicho kizuri kuliko vyote. Anafunika, anaweka kwenye friji. Asubuhi sahani iko tupu kwenye beseni, na mama mkwe anaitazama anatabasamu. "Mwenyewe kala!" Ni utani wake wa kuanzia siku. Nadhani chakula humpelekea mlinzi wa geti la jirani. Sijawahi kuuliza, na sitaki auache utani ule, maana hata mimi nikiusikia moyo wangu husimama kidogo kabla ya kuendelea.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu kapiga simu. Nikamshikia Kifungo simu karibu na uso kama kawaida yetu, macho na mashavu basi.

"Mbona kila siku naonyeshwa uso tu?" mama yake kasema. "Miguu umeiuza?"

Kifungo kacheka, kasema mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

"Baba Kifungo, mtoto anakula vizuri?"

"Anakula."

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyu wetu hata hajaambiwa kama kuna nyoka.

Simu ilipokatika Kifungo kaniuliza, "Baba, Mama akija atanijua?"

"Atakujua hata gizani."

"Na kwenye mwanga?"

Nikatazama picha ya ukutani, wao wawili, Kifungo ana miaka tisa na miguu kama ya korongo. Nikamwambia, "Akija utakuwa umeshapungua. Utakuwa kama pale." Uso wake ukafunguka na mimi nikajiona baba hodari.

Alhamisi, 20 Machi

Baba hodari kasemwa leo. Kifungo alimweleza mshauri ahadi yangu, akaeleza kwa furaha. Mshauri kamtoa nje na bibi yake wakachague matunda ya mfano, kisha kanigeukia.

"Baba, umemtwisha mtoto mzigo ambao si wa mtoto. Anaweza kuahidi kutembea. Anaweza kuahidi kula mboga. Mwili hawezi kuuahidi. Mama akija na mwili haujafika huko kwenye picha, atajificha wapi?"

Nilitaka kumjibu. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Jumanne, 25 Machi

Tumetembea hadi stendi. Barabara matope tupu, Kifungo anachagua pa kukanyaga, mimi nafuata nyayo zake nikihema. Mwanzoni nilidhani anapenda mabasi. Kumbe ana mahali pake. Karibu na dirisha la tiketi kuna nguzo iliyobanduka rangi. Alikwenda moja kwa moja akaiegemea.

"Hapa ndipo alipopandia," kasema.

Ni kweli. Mimi nilikuwa nimeisahau nguzo ila sikusahau asubuhi ile. Mke wangu alivaa gauni la kijani nililomshonea, lenye mifuko mirefu. Yeye ndiye aliyetaka mifuko mirefu, ya kuwekea hati za safari. Basi lilipowasha injini alitia mkono mfukoni, na mimi nikatia wangu mfuko huohuo, tukashikana humo ndani mahali ambapo mama yake asingetuona. Nimeshona mifuko mingi tangu siku ile na kila ninapoigeuza ndani nje namkumbuka. Namtamani. Nimeoa, nina haki ya kuandika hivyo.

Tukasimama pale, mtoto na mimi, mpaka taa zikawaka.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua kubwa, hatukutoka. Tumeruka kamba sebuleni. Mama mkwe kashika ncha moja kasema yeye ni mti, asiulizwe kitu. Baadaye mti ukaruka mara moja.

Jumatano, 2 Aprili

Fundi viatu wa mkabala kaniuliza mbona siku hizi nafunga duka mapema. Nikamwambia natembea na binti yangu hadi stendi.

"Kila siku? Mnamngoja nani?"

Nikasema hatumngoji mtu, tunafanya mazoezi. Kanitazama nilivyofunga kufuli, kasema, "Haya, Fundi. Msalimieni."

Alhamisi, 3 Aprili

Mizani haijasogea. Mshauri kasema ni mapema, tusikate tamaa. Kifungo kasifiwa kwa mboga. Mimi nimesifiwa kwa soda ambazo sikuzinywa. Inashangaza jinsi mtu mzima anavyopenda kusifiwa.

Jumanne, 8 Aprili

Paa la duka linavuja juu ya meza ya kukatia. Nimehamisha vitambaa vyote. Nguzo, dakika chache, nyumbani. Asubuhi: "Mwenyewe kala!"

Jumamosi, 12 Aprili

Kifungo hajataka kwenda kwenye sherehe ya rafiki yake. Kasema hana nguo. Mtoto wa fundi hana nguo! Nikamwambia nimshonee. Kasema, "Kwa vipimo vipi?" Hataki futi ya kupimia imguse tangu mwaka jana. Nilikuwa namkadiria kwa macho.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku mbaya.

Mizani imepanda. Si sana, lakini imepanda. Kifungo kaona. Mshauri kaanza kueleza habari za kukua na kurefuka, lakini mimi sikusikia. Nilikuwa nawaza juu ya matope, juu ya duka lililofungwa saa kumi na moja wakati wenzangu wanapokea sare za kushona, juu ya ile njaa ya jioni ninayoimeza na maji. Nikamgeukia mtoto mbele ya mshauri. "Unakula nini usichokisema?"

"Sili kitu, Baba."

"Mizani haisemi uongo."

"Sili kitu! Kila ninachokula nasema!"

Mama mkwe kanishika mkono kanibana kwa kucha. Tukarudi nyumbani kwenye mvua. Kifungo hakuingia ndani. Kapita moja kwa moja dukani, hatua chache kutoka nyumbani, kajipenyeza chini ya meza ya kukatia, kwenye mabaki ya vitambaa, mahali alipokuwa akicheza akiwa mdogo. Sasa panambana. Magoti yalikuwa nje.

Nikachuchumaa. Nikasema mwanangu, nimekosa, sikupaswa kukupigia kelele mbele ya watu. Nikasema bibi kapika, twende. Nikakaa sakafuni, maji yanadondoka kwenye ndoo nyuma yangu. Baada ya muda mrefu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza uzi:

"Mwambie Mama asije."

"Unasemaje?"

"Mwambie akae hukohuko kwanza. Mpaka nipungue."

Mtoto ambaye kila jioni ananivuta kwenye matope nikaegemee nguzo pamoja naye. Mtoto anayemtaka mama yake kuliko kitu chochote duniani. Nimemfikisha hapo kwa ulimi wangu mwenyewe, kwa ile ahadi ya picha ya ukutani. Nikalia. Alisikia, kwa sababu mkono wake ulitoka chini ya meza ukanishika kifundo cha mguu, na tukakaa hivyo mpaka mama mkwe alipokuja na mwavuli.

Ijumaa, 18 Aprili

Hajala mchana. Jioni kala mboga kijiko kimoja. Asubuhi mama mkwe hakutania. Sahani ilikuwa imejaa.

Jumamosi, 19 Aprili

Imejaa tena.

Jumapili, 20 Aprili

Simu. Kifungo kajifanya amelala. Mke wangu kasema, "Kuna nini huko? Sauti yako ina kamasi." Nikasema mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilidhani mshauri atatufukuza. Badala yake hakumpandisha mtu mizani. Katoa sahani za plastiki, vijiko, na vyakula vya bandia wanavyofundishia watoto, kaweka mezani rundo zima. "Leo sitauliza maswali," kasema. "Bibi, nionyeshe chakula cha jioni nyumbani kwenu. Pakua kama unavyopakua."

Mama mkwe kafurahi, hapo ndipo uwanja wake. Kapanga sahani, kapakua. Yangu, ya Kifungo, ya kwake. Kisha ya nne. Wali, maharage, na kipande cha nyama akakichagua kwa uangalifu ingawa vyote ni plastiki.

Mshauri kazitazama. Katutazama. "Mko watatu."

Kaigusa ile ya nne kwa kidole.

"Hii ya nani?"

"Ya mwanangu," mama mkwe kasema. "Yuko safari."

"Na nani huila?"

"Huyu hapa," mama mkwe kasema, kaninyooshea kidole. "Anadhani sijui. Anamkumbuka mkewe, asubuhi na mapema anakila chakula chake, basi namwachia. Mwanamume hawezi kulia, acha ale."

"Mimi?" nikasema. "Mama, mimi sijawahi kuigusa! Si wewe unampelekea mlinzi?"

"Mlinzi gani?"

Wote wawili hatukuthubutu kugeuka. Mshauri ndiye aliyegeuka, polepole, kachutama mpaka macho yake na ya Kifungo yakawa sawa.

"Kifungo. Ulituambia kila unachokula unakisema."

"Ndiyo."

"Na hiki?"

"Hiki si changu," Kifungo kasema. "Ni cha Mama. Nilikuwa namsaidia tu."

Mshauri alingoja, na kungoja ni kazi anayoijua.

"Siku za kwanza kilikuwa kinakaa mpaka asubuhi. Bibi akifungua friji akikikuta, anakaa kwenye kigoda. Haongei. Siku moja nikakila wakati anaoga. Akakuta sahani tupu, akasema, mwenyewe kala. Akacheka. Akaimba siku nzima." Kifungo alikuwa anazungumza na kile kipande cha nyama cha plastiki. "Basi nikawa nakila. Hata nikiwa nimeshiba. Sikuandika kwa sababu ni cha Mama."

Miaka karibu miwili. Mtoto kala chakula cha mama yake kila alfajiri, kikiwa baridi, kasimama, ili bibi yake aimbe na baba yake asikie kwamba mtu fulani amerudi kula. Na sisi wawili watu wazima tulikaa tukipongezana kwa utani.

Mama mkwe kajifunika uso kwa kanga. Mabega yanatikisika. Mshauri katupa muda, kisha kasema maneno ambayo nitayakumbuka. "Huyu si mtoto mlafi. Huyu amekuwa akiibeba nyumba yenu kwa tumbo lake. Mpokeeni mzigo."

Ijumaa, 25 Aprili

Mama mkwe kapakua sahani nne. Kifungo kamtazama. Mimi nikamtazama. Kaitazama ile sahani, kakaa nayo mapajani, chakula kikapoa. Hakuna aliyekula.

Jumapili, 27 Aprili

Tumegombana, mama mkwe na mimi, jikoni, kwa sauti ya chini. Nilimwambia, "Mama, tuiache hiyo sahani."

"Wewe iache. Wewe ni mume tu, waume huoa tena. Mimi nikiacha kumpakulia nitakuwa nimemfukia."

"Hajafa, Mama. Ana simu. Juzi tu kanitukana."

"Nchi ya watu. Akiumwa, nani anajua? Akila, nani anaona? Mimi namwona hapa." Kagonga kabati la sahani kwa kiganja. "Hapa ndipo ninapomwona."

Nikashindwa. Kwa sababu hata mimi, nikisema kweli, sahani ile ndiyo iliyokuwa inaniambia kwamba tuko wanne. Kuiondoa ni kukubali kwamba jioni tuko watatu, na kesho tuko watatu, na kitanda changu kina upande mmoja wenye baridi. Nikamwambia hivyo, isipokuwa habari ya kitanda. Kasema, "Kumbe na wewe."

Alhamisi, 1 Mei

Nimerudi kutoka dukani nimekuta sufuria kubwa mlangoni, imesuguliwa inang'aa.

"Ipeleke kazini," mama mkwe kasema. "Weka vitambaa vyako. Nikiwa nayo mkono unaijaza wenyewe." Jikoni kulikuwa na sufuria ndogo, mpya. Kapakua tatu. Sahani ya mwanawe kaiosha ingawa ni safi, kaifuta, kaiweka peke yake kwenye rafu ya juu, kifudifudi. Kisha kaketi, akala chakula chake, na machozi yakidondokea humohumo. Kifungo kasogeza kigoda chake karibu naye. Nimejikaza. Nimesifu mboga. Zilikuwa na chumvi kidogo na nyingine haikuwa ya dukani.

Jumapili, 4 Mei

Simu ilipolia Kifungo kaniambia, "Nipe nishike mwenyewe."

Kaipeleka dukani, kaiegemeza kwenye mashine. Mama yake kaanza, "Leo uso umekaa sawa..." Kifungo karudi nyuma hatua moja. Nyingine. Mpaka akafika ukutani, akaonekana mzima, mikono imenyooka kama mtu anayepimwa. Nilitamani kuruka mbele ya simu. Mama mkwe kanishika shati kwa nyuma.

Nikadhani safari hii kweli mtandao umekatika.

"Geuka nikuone," mke wangu kasema.

Kifungo kageuka taratibu.

"Umekua, mwanangu. Nimekaa huku umekua. Ndiyo maana mlinificha?"

"Tunakwenda kliniki," Kifungo kasema. "Sote. Bibi anaruka kamba."

"Ngoja," mke wangu kasema. "Na mimi nirudi nyuma."

Simu yake ikatikisika, kaiweka mahali, karudi nyuma chumbani mwake. Sijawahi kumwona mzima tangu aondoke. Na yeye alikuwa ananishikia simu usoni, kumbe. Kavaa sare ya kazi, na sare inaning'inia. Shingo yote mifupa. Jicho la fundi halidanganyiki: kiuno kimepungua kiganja kizima.

"Nakula nimesimama," kasema. "Mzee akishalala. Mara nyingi nasahau."

Mama mkwe kaniachia shati. "Niliwaambia," kasema kwa sauti ndogo. "Niliwaambia hali chakula."

Jumatatu, 5 Mei

Stendi. Mvua imepungua. Kifungo hajaegemea nguzo leo, kaizunguka tu kaigonga kwa kidole tukaendelea mpaka daraja la pili. Nilihema. Hakunicheka, ila kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Kila jioni mke wangu anapiga simu wakati wa chakula. Kule kwake ni mchana. Anaweka sahani yake mbele ya simu, sisi tatu zetu, tunakula pamoja. Mama mkwe anamhesabia vijiko. Kumbe hii dawa ya kliniki inatibu mpaka ng'ambo.

Jumanne, 20 Mei

Jua siku nzima.

Alhamisi, 22 Mei

Kifungo kaja dukani, kajisimamisha mbele yangu. "Baba, sketi inabana."

Moyo ukashuka mpaka kwenye viatu. "Wapi?"

"Haibani. Yaani, fupi. Mwalimu kasema magoti yanaonekana. Nipime."

Nikachukua futi taratibu nisimshtue. Kiuno: kilekile cha mwanzoni mwa mvua. Nyonga: zilezile. Urefu: nimepima mara mbili kwa sababu macho yalikuwa na maji. Pindo la chini nimelifungua lote.

Alhamisi, 29 Mei

Mizani iko palepale pa mwezi wa tatu, kimo kimepanda, na shinikizo la damu limeshuka. Mshauri kasema kwa mtoto anayekua hivi ndivyo walivyotaka. Vidonge, hapana. Tuendelee. Kisha kacheka, kwa mara ya kwanza, meno yote. Mama mkwe kamwambia angecheka mapema tungepona mapema.

Ijumaa, 30 Mei

Mke wangu anafika keshokutwa, Jumapili, basi la jioni. Nimemshonea gauni. Nilitumia vipimo vya zamani, kisha nikalifumua nikalipunguza kiunoni, nikaacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Kitahitajika. Mifuko mirefu.

Kifungo kashusha picha ya ukutani, kaifuta vumbi, kairudisha. Nikamuuliza unawaza nini. Kasema, "Huyu mtoto ana baridi, angevaa soksi."

Jumamosi, 31 Mei

Tulikuwa tumeketi. Sahani tatu, sufuria ndogo imekwanguliwa, maana mama mkwe siku hizi anapima wali kama anapima dawa. Simu haikulia saa yake na tulikuwa tunaitazama. Mlango ukagongwa. Nikasema ni fundi viatu, huyo akinusa chakula huja. Kifungo kaenda kufungua.

Sikusikia sauti yoyote, na hilo ndilo lililonifanya nigeuke.

Alikuwa mlangoni na begi begani, gauni la kijani, linampwaya. Kapata nafasi kwenye ndege ya jana, akaona asiseme. Kifungo kasimama mbele yake kwenye mwanga wa taa, mzima, hakujificha, hakurudi nyuma. Mama yake kaachia begi likaanguka, kamkumbatia mpaka mikono yake ikakutana nyuma, na Kifungo akatoa kilio cha mtoto mdogo kabisa ambacho sijakisikia miaka miwili. Nilipofika hapo sikujua nishike yupi. Nikatia mkono mfukoni mwake. Wake ulikuwa humo.

Tulipoweza kuketi, kaangalia meza. Sahani tatu. Sufuria tupu. Kafuta macho kacheka. "Hamkuniwekea?"

Mama mkwe kashika kichwa kwa mikono miwili. Siku zote zile, na leo ndiyo hakuna!

"Tulikuwa tunakuwekea kila siku," Kifungo kasema. "Nilikuwa nakula mimi."

Kasimama, kapanda kigoda, kaiteremsha sahani kutoka rafu ya juu. Kaigeuza, kaifuta, kaiweka mbele ya mama yake. Kisha kachukua kijiko akaanza kuhamisha: wali kutoka sahani yake, maharage, nusu ya nyama. Nami nikahamisha. Mama mkwe kamimina karibu yote, ikabidi Kifungo amshike mkono. "Bibi. Na wewe ule."

Mke wangu kala ameketi. Tulimtazama kila tonge.

Jumapili, 1 Juni

Kifungo kaamka wa kwanza. Nilikuwa macho, sikutaka kusogea, mtu alikuwa amelalia mkono wangu. Nimesikia miguu yake jikoni, nimesikia akisimama penye beseni la vyombo tulivyoviacha jana bila kuosha. Kisha kamwita bibi yake kwa sauti ya juu, nyumba nzima isikie:

"Bibi! Njoo uone. Mwenyewe kala."